Betri ya Tatu

Athanas aliikuta imevimba. Jana jioni aliiacha juu ya rafu ikiwa bapa kama daftari, na saa tatu asubuhi alipofungua kibanda chake katika jengo moja la Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ilikuwa imefura kama andazi lililoiva. Hakuigusa. Alisimama na funguo mkononi, akainusa hewa. Ilikuwa na harufu tamu kama ya rangi ya kucha.

Hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ililetwa wiki iliyopita na mwalimu mmoja wa Magomeni, imetuna hadi ikapasua uso wa laptopu yake kwa ndani, na Athanas akamwambia mwalimu yule, bila kupepesa macho, kwamba kosa ni la umeme wa nyumbani kwake. Sasa alikuwa anaitazama hii ya rafuni, ambayo haikuchomekwa popote, na hakuwa na umeme wa mtu wa kuusingizia. Betri zote mbili zilitokana na mfuko mmoja wa seli. Mfuko ule ulitoa betri tatu. Ya tatu alikuwa nayo mteja wake, Bi Kamla wa Kisutu.

Athanas alikuwa na miaka arobaini na mitatu. Alitoka Ndanda na cheti cha ufundi wa umeme, akaanza na redio, akaja kwenye simu, na kwa miaka kumi na miwili hii alikuwa fundi wa kompyuta mpakato. Alijulikana zaidi kwa betri, kwa sababu kila kompyuta iliyoingia mjini, iwe mpya au iliyokwishatumika Ulaya, mwisho huletwa na ugonjwa huo huo. Alikuwa na subira ya kueleza. Betri huzeeka kwa kujazwa na kuisha, aliwaambia wateja, na huzeeka haraka zaidi kwa joto. Miaka mitatu, minne, ndiyo maisha yake. Usiiache kwenye chaji mchana na usiku. Usiiweke juu ya godoro, inakosa pa kupumulia. Usiifunike kitambaa cha kufuma kama televisheni ya sebuleni. Wateja waliitikia kwa vichwa, wakaenda nyumbani, wakaifunika.

Ndani ya kila betri kuna kibao kidogo kinachohesabu na kukumbuka. Fundi akitoa seli zilizokufa na kutia mpya, hana budi kufuta kumbukumbu ile, la sivyo kompyuta itaendelea kutangaza ugonjwa wa marehemu. Hilo ni haki kabisa. Lakini jambo lililo haki mkononi mwa mwenye seli mpya ni udanganyifu mtupu mkononi mwa mwenye seli kuukuu, na Athanas alilijua hilo kuliko mtu yeyote mtaani pale.

Masika ya mwaka huu seli mpya ziliadimika. Jirani yake Seifu, muuza vipuri, akamletea mfuko wa seli zilizong'olewa kwenye kompyuta mbovu.

"Kaka, hizi bado zina uhai. Pima mwenyewe."

Athanas akapima. "Zina asilimia sitini tu, Seifu. Nimwambie mteja sitini?"

"Nani kakutuma umwambie? Kompyuta ndiyo itamwambia. Wewe futa, iandike mia, basi." Seifu akacheka. "Mteja wa Kariakoo haamini fundi, anaamini kioo."

Athanas naye akacheka. Kuna kicheko ambacho ni sawa na kutia sahihi. Tangu siku hiyo mifuko ikafuatana. Mingi haikuleta neno zaidi ya betri kufa mapema, na mteja aliyerudi kulalamika aliambiwa ameitumia vibaya. Mpaka ukaja mfuko huu.

Mtu mwenye moyo safi angekimbia Kisutu asubuhi ile ile. Athanas aliichukua ile betri kwa koleo, akaipeleka uani kwenye zege, akarudi, akawahudumia wateja wawili, akapanga bisibisi zake ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alijiambia labda. Labda ile ya Bi Kamla imetoka nzima. Labda hajaitumia. Asubuhi nzima ikamwishia katika "labda" hizo. Saa saba mchana alipiga simu. Ikapokewa na Hinal, mke wa mtoto wa Bi Kamla.

"Habari za mchana, fundi Athanas hapa. Ile laptopu ya Mama iko wapi?"

"Iko chumbani kwake. Amelala. Kwani vipi?"

"Inachaji?"

"Si inachaji kila siku! Anaiacha hivyo hivyo, anasubiri mjukuu wake Sagar apige kutoka Uingereza."

"Iko mezani?"

"Kitandani. Mama na magoti yale akae mezani?"

Maneno ya kweli yalikuwa manne tu, *betri ile inaweza kuwaka*, na yalikuwa yamemfika Athanas ulimini. Akayameza.

"Nilitaka tu niikague kidogo. Huduma kwa mteja."

"Fundi, betri ina mwezi mmoja. Inasoma mia. Unakagua nini?"

"Kawaida tu, dada."

"Kawaida gani hiyo? Njoo Jumatatu, mume wangu atakuwepo." Akakata.

Hinal hakuwa na kosa. Kariakoo nzima inajua kwamba fundi anayekuita urudishe kifaa kizima ana mteja mwingine anayekingoja. Ndiyo maana watu hukaa kwenye kigoda wakimkodolea macho fundi mpaka aifunge skrubu ya mwisho. Siku betri ilipobadilishwa, Hinal alikaa hivyo hivyo saa nzima, akaipiga picha betri kila upande na kuinakili namba yake. Kwa ulinzi wote ule hakuibiwa kitu. Alidanganywa mbele ya macho yake.

Athanas akapiga tena. Haikupokewa. Akapiga tena. Akashika bisibisi akatoka mbio.

"We, unakimbilia wapi na bisibisi, umekuwa kibaka?" Seifu akamwita.

"Kwa Bi Kamla."

"Mwache bibi wa watu alale!"

"Ndilo tatizo, amelala!"

Bodaboda ilipita Mnazi Mmoja ikijipenyeza katikati ya magari, na kila honi aliyoisikia ilimshtua kama king'ora cha zimamoto. Alipofika aliinua macho kwanza kutazama madirisha ya ghorofa ya tatu, kwa Bi Kamla. Hakukuwa na moshi. Akapanda ngazi mbilimbili.

Hinal alikuja kwenye geti la chuma la mlangoni, asilifungue.

"Nimekwambia Jumatatu."

"Dada, naomba uichomoe kwanza. Itoe kitandani."

"Kwa nini? Nimeitazama asubuhi hii hii, afya asilimia mia, imejazwa na kuisha mara sita tu. Unataka uichukue nzima yangu, unipe ya nani? Mimi nimezaliwa mtaa huu huu, fundi, usinifanye mgeni wa mjini."

Kila alichosema kilikuwa kweli kama kilivyoandikwa, na aliyekiandika alikuwa Athanas. Uongo wake ulikuwa umesimama mlangoni, umempigia komeo nje.

Nyayo zikasikika zikipanda ngazini. Alikuwa Mzee Ghanshyam wa ghorofa ya pili, mwalimu mstaafu, aliyevutwa juu na kelele, mfuko wa bamia mkononi. Ndiye aliyemleta Bi Kamla kwa Athanas, na kabla yake aliwaleta wengine wengi, kila mmoja akimpa maneno yale yale: nenda kwa kijana yule, hasemi uongo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Athanas. Mbona unahema? Hinal, mfungulie fundi, ni mtu wetu huyu."

Ilikuwa nafasi nzuri mno. Mzee angemdhamini, mlango ungefunguliwa, betri ingetolewa kwa hila, na jina lake lingeendelea kung'aa. Ibilisi hana haja ya kumpa mtu jambo baya. Humpa jambo jema akiwa amechelewa kulistahili. Athanas alimtazama mzee, akatazama geti.

"Usinifungulie kwa sababu ya mzee," alisema. "Ile mia niliiandika mimi. Seli ni kuukuu. Betri zilikuwa tatu za namna hiyo, mbili zimevimba, moja leo kwenye rafu yangu. Hii ya Mama inaweza kuwaka. Kimbia uichomoe, nitukane baadaye."

Hinal hakutukana. Alikimbia, na alipotoweka ukumbini ndipo Athanas alipotambua kwamba geti bado limefungwa, na kwamba lolote litakalotokea mle ndani atalisikia tu, hataliona. Alishika vyuma vya geti kwa mikono miwili.

"Imepanda juu!" Hinal alipaza sauti. "Upande mmoja haukai! Ina joto!"

"Usiibonyeze! Usiifunge! Ibebe na kitu cha chini yake, taratibu, uniletee!"

Alirudi ameibeba juu ya sinia la chuma, mikono imenyooshwa, machozi yakimtoka. Akafungua geti kwa kiwiko na kidole kimoja. Mzee alikwishateremka kumwita mlinzi na ndoo ya mchanga. Kwenye sakafu ya ngazi, magoti chini, Athanas alifungua skrubu kumi na moja. Ya saba iliteleza mara tatu. Mfuniko ulijiinua wenyewe. Seli mbili zilikuwa zimetuna, ya tatu imeanza. Akachomoa waya, akaitoa betri kama mtu anayetoa yai kwenye kiota cha nyoka, akaizika mchangani, na mlinzi akateremka na ndoo hadi uani.

Alipoinua kichwa, Bi Kamla alikuwa amesimama mlangoni kwa fimbo yake, sari imekunjamana upande alioulalia. Alikuwa amesikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wengine je?"

"Zilikuwa tatu, mama. Zote nimezipata."

"Sikuulizi mfuko huo. Nakuuliza watu uliowaandikia mia."

Athanas hakuwahi kuwahesabu. Mtu hahesabu kitu ambacho hataki kukijua.

"Sijui, mama."

"Basi keti ujue, mwanangu."

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na hilo lilimwelemea zaidi. Akaketi ngazini. Mzee Ghanshyam, aliyekuwa amerudi na mlinzi, aliuweka mfuko wa bamia chini, akavaa miwani, akatoa simu yake. Hakumtazama Athanas usoni.

"Saba niliwaleta mimi," alisema. "Tunaanza na hao. Wa kwanza Zamzam wa Mchikichini, ana mtoto mdogo. Andika namba."

Athanas akaandika, akapiga. Simu iliita mara moja, mbili, tano. Mwanzoni aliogopa atapokea. Kisha akaogopa hatapokea.

"Haloo, fundi, mambo?"

"Dada Zamzam, kabla ya salamu, laptopu iko wapi?"

"Hapa, mtoto anaangalia katuni. Inachaji. Kwani—"

"Ichomoe. Mwondoe mtoto. Betri niliyokuuzia si mpya, nilikudanganya, na inaweza kuwa ya hatari. Ichomoe kwanza, halafu rudi unitukane, nitakuwa hapa."

Alisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, hatua za haraka, kisha mtoto akianza kulia kwa kunyang'anywa katuni zake. Athanas alisubiri, ameikandamiza simu sikioni, macho kwenye skrubu zilizotawanyika.