Kipande cha Waya Mwembamba

Mashua ya dada yake Fundi ilikuwa ikisikika kabla ya kuonekana. Injini ya dizeli iliyoachwa na marehemu shemeji ilinguruma mto mzima, na moshi wake ulifika gatini kabla ya abiria. Shemeji alipofariki, dada mtu alishika usukani mwenyewe. Kwa miaka tisa alivusha watu wa sokoni na wa zahanati, ishirini kwa safari. Mwaka wa kumi akashikwa na kikohozi kisichosikia dawa. Daktari hakumung'unya maneno: "Achana na moshi huo, mama, au uachane na mashua."

"Niache mashua nile mawe?" dada alimuuliza mdogo wake.

Mdogo wake huyo alikuwa fundi wa majokofu na mota za viwandani, na watu walimwita Fundi tu, hata mkewe. Akajibu bila kufikiri mara mbili, "Dada, injini naitoa. Nakuwekea mota ya umeme, na kwa pesa hizohizo ulizonazo kwenye kibubu."

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza.

Mwanzo kazi ilikwenda kama maji. Ghala moja lilikuwa linatupa foklifti, yale magari madogo ya kunyanyulia mizigo. Fundi akabembeleza, akapewa mota moja nzima na betri zilizokuwa bado zinashika chaji. Injini wakaing'oa kwa mnyororo. Sakafu iliyokuwa imelowa dizeli wakaisugua kwa sabuni siku mbili hadi mbao zikaonekana rangi yake. Mota akaifunga palepale ilipokaa injini, mchonga vyuma akamtengenezea kiungo cha kuishikanisha na shafti ya propela. Betri akazipanga chini kabisa, katikati, mashua isilemee upande, akazifunika kwa sanduku la mbao lenye matundu ya hewa.

Nyaya nene ndizo zilizomwishia. Alipungukiwa kipande kidogo, hakizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Dukani zilikuwepo, ila kibubu cha dada kilikuwa kimeshakombwa, na Fundi aliona haya kurudi kuomba tena baada ya majigambo yote yale. Akapekua sanduku lake la vifaa, akapata kipande chembamba, akakiunga kati ya betri na mota. Fyuzi nayo akaweka kubwa kupita kiasi, isije ikamsumbua kwa kukatika. "Wiki ijayo nitabadilisha," akajiambia. Alijua kabisa kwamba amelipua kazi.

Wiki ikaja, ikapita, na nyingine. Mashua ilikwenda kimya mpaka abiria wakacheka. "Sasa nitamsengenyea wapi mama mkwe?" mwanamke mmoja alilalamika. "Humu kila mtu anasikia!" Kikohozi cha dada kikapungua, kisha kikatoweka. Kila aliyekutana na Fundi alimpa mkono. Sifa zilimlevya, akasahau waya, au alijifanya amesahau.

Ndani ya mashua hiyo alikuwemo mtu wa kamba, mwanamume wa makamo aliyefunga na kufungua mashua tangu enzi za shemeji. Walimwita Kimya, kwa kuwa alizungumza kana kwamba maneno yananunuliwa.

Siku ya mkasa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na mto umefura. Mashua ilijaa. Dada alipoona maji yanawasukuma, alisukuma mkono wa mwendo hadi mwisho. Katikati ya mto, harufu ya plastiki inayoungua ikazagaa, na moshi ukafoka kutoka kwenye sanduku la betri. Watu wakapiga mayowe. Kimya hakupiga kelele. Alirusha kifuniko pembeni, akaingiza mkono ndani ya moshi, akapapasa, akavuta swichi kuu. Plastiki iliyoyeyuka ikamganda kiganjani. Mashua ikakokotwa na maji mpaka ikakwama kwenye mchanga, na watu wote wakashuka salama isipokuwa yeye na mkono wake.

Fundi alipofika, dada alikuwa amesimama ndani ya maji. Mkononi ameshika koti la Kimya, limelowa chapachapa.

"Alilitandaza juu ya sanduku! Mara ngapi nimesema matundu yasizibwe? Fundi, si ndilo hili koti lililotaka kutuua?"

Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye sanduku. Kile kipande chembamba kilikuwa mkononi mwake, kimeungua kama mkaa. Nyaya nene zilikuwa hazina hata alama. Akaona macho yote yamemtazama.

"Matundu yakizibwa," alisema, "joto linapanda."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa uongo mtupu. Akakitia kipande mfukoni.

Siku ya tatu Kimya alimfuata karakanani, mkono umefungwa bandeji. Dada alikuwa amekwisha kumwachisha kazi. "Nisamehe, Fundi," alisema. "Nimekuharibia kazi yako nzuri." Fundi hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo. Akamjibu, "Yamepita," kisha akainamia mota iliyokuwa mezani, akijifanya anatafuta skrubu.

Alifunga waya mnene na fyuzi sahihi, kwa pesa yake mwenyewe, na mashua ikarudi kazini. Yeye ndiye aliyeharibika. Akimwona Kimya kwa mbali alibadili njia. Wiki tatu roho ilimsuta, mpaka siku moja dada alipomwalika chakula cha mchana, akamsogezea sahani na kusema, "Mdogo wangu, Mungu akuzidishie. Mtu mwingine angeniunganishia vitu vya ajabuajabu."

Fundi akaweka kijiko chini. Akatoa kile kipande mfukoni, akakiweka juu ya meza.

"Nini hiki?"

"Ndicho kilichoungua. Si koti, Dada. Nilikijua chembamba tangu siku naunga."

Dada alikigeuza mara mbili. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana. "Abiria ishirini. Na mimi ndani. Haya, waya tuseme ulikosa pesa. Ulimi je, ulikosa nini?"

Dada akanyanyuka, akavaa viatu. "Simama. Utamwambia mwenyewe, mimi nikisikia."

Walimkuta Kimya kwenye zahanati ng'ambo ya mto, akifagia ukumbi. Alikuwa amepata kibarua hapo. Fundi akasema yote, macho kwenye ufagio. Kimya alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo koti langu halikuwa na kosa?"

"Halikuwa."

"Mke wangu alilichoma," alisema. "Alisema lina mkosi."

Dada alilia, akamsihi arudi kazini. Kimya akatikisa kichwa na kuendelea kufagia. Hakuwatukana, wala hakusema amesamehe.

Kesho yake asubuhi, kwa amri ya dada, Fundi alisimama gatini akawaeleza abiria. Wengine walimtolea uvivu, wengine wakapanda mashua bila kumtazama. Kimya naye alikuwemo, akienda kazini. Dada alikataa nauli yake. Yeye akaiweka juu ya benchi hivyohivyo. Mashua ilipoondoka alijishikilia ukingoni kwa mkono ule ulioungua, na Fundi akaona kwamba vidole viwili havikunjiki tena.