Shuka la dirishani

Leo mama yangu amewanyamazisha wataalamu wa majengo ya kale, na mimi ndiye niliyempeleka.

Mnakumbuka niliwaomba msaini barua ili lile duka kubwa la zamani hapa Babati lisivunjwe. Leo wamekuja kuangalia kama lina thamani ya kihistoria. Nikamleta mama awe shahidi.

Kijana wao akamwamkia vizuri, shikamoo na nini, kisha akauliza, "Miaka ya themanini mlikuwa mnapata kila kitu hapa, mama?"

Mama akanyoosha kidole kwenye dirisha la kioo.

"Pale lilitundikwa shuka jeupe. Moja tu. Nguo zilikuwa hazipatikani kabisa. Mwanangu wa kwanza alipofariki, nilikuja kuliomba nimzikie. Muuzaji akasema ni la maonyesho, haliuzwi. Wakubwa wakipita waone duka lina mali."

Akashusha kidole.

"Tulimzika na pazia."

Kijana kashika kalamu, hajui aangalie wapi. "Kwa hiyo tuandike lina umuhimu, mama, au halina?"

"Andika lilikuwa na shuka."

Mimi nilizaliwa baada ya msiba ule. Sikuwahi kuambiwa.

Nyie mliosaini ile barua, semeni sasa tufanye nini. Mimi niko kwa mama hapa Nangara, naangalia dirisha la chumba chake. Tangu nipate akili halijawahi kuwa na pazia. Mara mbili nimemnunulia, mara mbili amegawa, na mimi nikamwita mbishi.