Siku ya Kuutetea Ufa

Jumatano, mwishoni mwa Mei. Mvua ilianza alfajiri ikapiga viyoyozi vya majirani mpaka jikoni tukawa hatusikilizani, kisha ikakata ghafla, jua likatoka na joto lake lote.

Naandika leo leo kabla sijaanza kutia chumvi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mambo ya vinu vya nyuklia nayajua kwa kusimuliwa tu, kwa hiyo palipo na kosa ni langu, si la mtoto wa dada yangu aliyenieleza. Anakaa nasi hapa Xiaobei, mtaa wetu huku kwa Wachina, tangu alipoanza shahada yake ya pili chuoni. Mimi na mume wangu tunasafirisha mizigo kwenda Dar. Yeye anachunguza nyufa.

Nyufa zenyewe ni za fimbo za kudhibiti kinu. Alivyonieleza, fimbo hizo ndizo breki: zikishushwa, nguvu ya kinu inapungua, na zikishuka zote kinu kinazimika. Kila fimbo ni bomba jembamba la chuma, na ndani limejazwa kitu cha kuimeza hiyo nguvu. Miaka ikipita, kitu hicho kinaweza kuvimba kwenye ncha. Bomba likavimba nalo, likapasuka, fimbo ikakwama njiani isishuke.

"Sasa breki ikikwama si balaa, Mamdogo?" aliniambia. "Ndiyo maana ufa tunautafuta ungali mdogo."

Bomba lake yeye halijawahi kuingia kwenye kinu, nisije nikakimbiwa na wageni. Ni la majaribio. Mtambo wa chuoni ulilisugua kwa nje na kulivimbisha kwa ndani, likapasuka, naye akapewa kazi ya kusema ni kipi kati ya hivyo viwili kilicholipasua. Vipimo vyake vyote vilisema ufa ulianzia ndani. Lakini aliposimama mbele ya walimu mara ya kwanza, profesa mkuu alisema, hapana, huu ni msuguano wa nje, na mtoto wetu akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Wakamrudisha. Leo ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Akishindwa, ufadhili umekwisha, anarudi nyumbani bila cheti.

"Ulimwambia ndiyo kwa nini, na unajua siyo?" mume wangu alimwuliza ule usiku aliorudi analia.

"Bamdogo, yule ni mtu mzima, ana mvi. Nitambishia vipi?"

Hapo sikumlaumu, maana ni mimi na dada yangu tuliomlea hivyo. Mkubwa akisema, unaitika. Ukijua amekosea, unaitika kwanza, halafu unatafuta njia.

Mume wangu akaamua kumfundisha ubishi. Akampeleka ofisini kwetu kwenye jengo la Tianxiu, akamsimamisha katikati ya marobota, akamwita na jirani yetu, Mkenya wa Nairobi anayenunua vifaa vya simu. Hao wawili wakajifanya walimu. Msichana akaeleza ufa wake kwa Kichina, wao wakamkatalia kama wauza duka.

"Mei you!" mume wangu alisema, yaani hakuna. "Ufa wa ndani hakuna hapa. Labda duka la jirani."

"Wewe siste, usiniletee story," Mkenya naye akadakia. "Hiyo pipe imekwaruzwa tu. Prove!"

Akicheka, wanamwanzisha upya. Akisema ndiyo, wanampigia kelele. Siku ya tatu au ya nne alianza kuwajibu, na wiki iliyofuata akawa anawafokea mpaka mama wa duka la mkabala anachungulia. Sitasahau nilivyofurahi kumsikia.

Tatizo ni kwamba mume wangu alimwongezea na lile la sokoni. "Akikataa kabisa, usibembeleze. Chukua mkoba wako uondoke. Laoban yeyote mwenye duka lake, ukifika mlangoni, atakuita." Nilimwambia, baba, chuo si duka la masufuria. Akasema anatania. Na kwa haki nikiri kuwa alikuwa anacheka. Ila utani huo aliurudia kila jioni, na msichana kila jioni alichukua mkoba, akaenda mpaka kwenye lifti, akaitwa, akarudi.

Leo tulitoka wawili, mimi na yeye, kwenda chuoni kwa metro. Yeye kabeba mkoba wenye kompyuta, na mwavuli, mimi nimebeba bomba, limepasuliwa kwa urefu kama muwa, nimelifunga kwenye khanga. Walimu walikuwa wametaka picha tu. Bomba alilichukua, alisema, kwa ajili ya moyo wake. Akaingia, mlango ukafungwa, nikabaki na bomba mapajani kwenye benchi la ukumbini, nasoma dua zote ninazozijua, pamoja na ile ya safari ambayo haihusiki.

Ya ndani sikuyaona. Naandika alivyonisimulia yeye. Aliwaonyesha picha. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa ufa wa pili, mdogo, ulioanzia ndani ya bomba na haujafika nje. Kama haujafika nje, basi msuguano wa nje haukuuleta. Lakini kwenye picha ufa huo ulionekana kama unywele ulioangukia kioo. Profesa mkuu akasema ni uchafu, na ufa mkubwa ni wa kusuguliwa. Msichana akasema hapana. Profesa akarudia. Akasema hapana tena, akaeleza upya, sauti haikutetemeka. Profesa akatikisa kichwa.

Basi akachukua mkoba wake, akaondoka.

Mlango ulifunguka nikamwona amesimama, macho yamemtoka.

"Mamdogo, nimefanya nini?"

"Mbona umetoka? Umemaliza?"

"Sijamaliza! Amekataa, nimejikuta nimetoka!"

Halafu kutoka ndani sauti ya mzee ikaita kwa Kichina neno ambalo hata mimi nalijua, maana nimeitwa nalo madukani miaka yote: "Huilai!" Rudi.

Khanga ilikuwa imeshafunguka mapajani. Kama nilimpa bomba, au alilinyakua mwenyewe, kweli sikumbuki. Nikisema nilimpa nitakuwa najisifu. Ninachojua ni kwamba alirudi ndani akiwa nalo mkononi, na mlango ukabaki wazi nusu.

Nikamwona yule profesa akilipeleka bomba dirishani, kwenye jua, akiutazama ule ufa mdogo kwa kioo cha kukuzia. Alitazama kwa muda mrefu, akamwita na mwenzake atazame. Kisha akauliza swali. Msichana alinitafsiria baadaye: je, fimbo zote zenye nyufa zinapasuka kwa ndani? Akamjibu, hapana, mwalimu. Nyingine husuguliwa kweli, kama ulivyosema. Hili la kwangu, kwenye ncha hii, ndilo lililopasuka kwa ndani.

Mzee akacheka, akaandika. Amepita. Amepewa marekebisho ya kurasa chache, na picha ile apige upya. Na lazima niseme, profesa hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Kwa picha ile, mimi pia ningesema ni unywele.

Profesa alipotoka alinisalimu kwa kuinamisha kichwa, akasema maneno, msichana akawa anatafsiri huku machozi na kicheko vimechanganyika. Alisema mama yake alikuwa na duka la vitu vya kuchezea kule mtaa wa Yide Lu, na wateja wote wakikataliwa bei walikuwa wakitoka kama alivyotoka msichana, shingo imekaza, miguu inakwenda polepole. Anayetoka hivyo, alisema, anajua thamani ya anachokitaka.

Mume wangu tulimpigia tukiwa bado kwenye ngazi. Alipiga ukelele simu ikakwaruza. Tangu hapo anamwambia kila anayepita Tianxiu kwamba ni yeye aliyemfundisha, na sijui nimkatalie vipi, maana ni kweli. Ni kweli pia kwamba nusura atuue.

Jioni hakuna aliyekuwa na nguvu ya kupika. Tulishuka kwenye duka la chakula la Waislamu wa Kichina pale mtaa wa Dengfeng, tukala tambi za kuvutwa kwa mkono na supu ya nyama ya ng'ombe, na pilipili yetu ya chupa kutoka nyumbani. Mkenya akaja na chapati za mkewe, zingali moto. Msichana alikula bakuli mbili, na ya pili alibishana na mwenye duka mpaka akaongezewa nyama.