Picha ya Palahala Niliyoisafisha

Kazi yangu ilikuwa kuondoa. Watu hudhani fundi wa picha ni yule anayebonyeza kamera, lakini yule hukusanya tu chochote kilicho mbele yake. Mimi nilikaa nyuma, karibu na dirisha, na penseli iliyochongwa mpaka ikawa kali, nikiondoa chunusi za bwana harusi, makovu ya mtoto aliyeugua surua, mikunjo chini ya macho ya mama mkwe aliyekuja kupigwa picha shingo upande. Katika studio yetu pale katikati ya Likasi hakuna aliyetoka akiwa mbaya. Nilijivuna kwa hilo, na hata leo sijaacha kabisa, ingawa ni majivuno hayo hayo yaliyotumaliza.

Mwenye studio alikuwa Mkasai, mtu wa kutoka jimbo la Kasai. Mwaka Wakasai walipofukuzwa mjini, alikaa wiki nyingi kituoni akisubiri treni pamoja na mke wake, katikati ya magodoro na sufuria za watu. Nilimpelekea uji kila asubuhi mpaka asubuhi niliyokuta nafasi yao imekaliwa na wengine. Kabla ya hapo alikuwa ameniachia kamera moja kuukuu, mashine ya kukuzia picha, karatasi chache na chupa za dawa za kusafishia filamu. Alinifundisha kila kitu ninachojua, na siku aliyoondoka sikuwepo hata kumpungia mkono. Nilikasirika na mji mzima, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda.

Baada ya hapo nani angepiga picha ya harusi? Kiwanda alikofanya kazi mume wangu kilinyamaza idara moja moja, na wanaume wakaanza kukirudisha nyumbani vipande vipande: leo bati, kesho boliti, keshokutwa mlango mzima. Mume wangu alileta kipande cha kable ya chuma, ile nene ya kuvutia mizigo, akaifumua nyuzi zake, akafunga uzi mmoja kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye mpapai. Hiyo ikawa kamba yangu ya nguo. Likasi yote ilianika hivyo. Nilianika juu yake nepi na mashuka, na picha pia, nikizibana kwa vibanio zikiwa zinachuruzika maji. Nautaja mapema uzi huo kwa sababu niliushika kila siku ya Mungu, na bado sikuutambua siku niliyopaswa kuutambua.

Padri wa parokia yetu, mzungu mzee aliyekaa Katanga miaka mingi kuliko aliyokaa kwao, ndiye aliyenirudisha kazini. Alikuwa ameletewa kompyuta na skana ya kuingizia picha, akataka mtu wa kutengeneza kadi za ubatizo. Alinionyesha kwenye programu kifaa chenye alama ya muhuri: unachukua kipande cha mahali safi, unakigonga juu ya mahali pachafu, na uchafu haupo tena. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Jambo nililolifanya kwa penseli asubuhi nzima, nikishikilia pumzi, sasa lilikwisha kabla umeme haujakatika. Na ukikosea, unarudi nyuma. Nilidhani nimepewa mkono mpya.

Kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, alikuwa mlinzi wa hifadhi ya wanyama, kule juu kwenye tambarare ng'ambo ya mto Lufira. Walikuwa wamebaki watu saba. Hawakuwa na redio, viatu vyao vilikuwa vimekwisha, na chakula kilifika siku kilipotaka. Kazi yao kubwa ilikuwa kutafuta mitego ya nyaya kwenye majani na kuifungua. Waliifungua asubuhi, jioni wakaikuta mingine. Yaya hakuwa mtu wa maneno. Aliposhuka mjini alikaa kwenye benchi langu, akanywa chai, akasema nyama wanakwisha, yaani wanyama, akainuka kwenda zake.

Padri alikuwa anakwenda likizo kwao. Huko kulikuwa na kikundi cha waumini ambacho kila mwaka kilichagua mahali pamoja pa kusaidia, na aliamini angewashawishi wawape walinzi wale redio, viatu na chakula cha mwaka mmoja. Yaya alisema mwaka mmoja ungewatosha kushikilia. Bila huo, wenzake wangetawanyika kabla ya masika. Padri akatuambia wazi kwamba barua za shida wale watu wanazo tele. Walitaka kuona.

Basi nikampa yaya ile kamera ya studio na filamu moja nyeusi na nyeupe iliyopita muda wake. Baada ya wiki tatu filamu ikarudi na lori la mahindi lililopitia Kapolowe, imefungwa kwenye kitambaa, pamoja na kikaratasi: "Mudogo, iko moja ya palahala. Ile njo ya kupeleka. Tengeneza muzuri."

Niliisafisha kwa dawa ya mwisho. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye kamera na kila picha ilikuwa na mikwaruzo kama uso uliopita kwenye miiba. Lakini palahala alikuwepo. Dume jeusi, swala mkubwa kama farasi, pembe zimepinda hadi mgongoni, amesimama kwenye majani marefu na kumtazama kaka yangu moja kwa moja. Sijawahi kumwona palahala hai. Niliikuza picha ile kwenye karatasi, nikakaa nayo mapajani nikasahau moto wa jikoni.

Padri alikuwa anaondoka kesho yake. Niliiingiza picha kwenye kompyuta, nikaanza. Kwanza mwanga: nikaikaza nyeusi ya manyoya, nikayapandisha majani yang'ae kidogo, nikaitoa ile kijivu ya ukungu iliyolala juu ya kila kitu. Kisha mikwaruzo, mmoja mmoja, kwa ule muhuri. Ilikwenda vizuri mno. Nikafika shingoni.

Hapo palikuwa na mstari mweupe, mwembamba, unaozunguka chini ya koo na kuning'inia kidogo kifuani. Mikwaruzo ya filamu hukimbia pamoja na filamu, yote upande mmoja, na huu ulipinda. Niliona kwamba umepinda. Sitajitetea kwa hilo. Niliuona, mkono ukasimama, nikajiambia ni unywele, umeanguka juu ya filamu nilipokuwa nakuza picha, nikajikaripia kwa uzembe, maana bwana wa studio angenitoa nje kwa unywele kama huo. Taa ikapepesa. Nikachukua manyoya meusi ya bega, nikayagonga juu ya mstari mara saba au nane, nikamaliza kwa kumtia nuru kidogo machoni.

"C'est magnifique, mama," Padri aliisifu aliposimama nyuma ya kiti changu. Akaiweka disketi kwenye mfuko wa shati, na mimi nikatembea nyumbani nikiwa nimeinua kichwa kama bibi harusi.

Alirudi baada ya miezi mitatu. Yaya alikuwa ameshuka tangu juzi yake, siku mbili kwa miguu na nusu siku kwa baiskeli ya kupewa, ili ajisikilizie mwenyewe. Tulikaa ofisini kwa Padri sote watatu. Padri hakutaka kututazama. Alitoa kadi nzuri, nene, ambayo wale watu walimchapisha palahala wetu juu yake kwa ajili ya Krismasi, na alitufasiria barua yao taratibu. Walisema walikuwa na wasiwasi waliposoma habari za mitego, lakini picha iliwatuliza. Mnyama mwenye afya namna ile, mahali penye amani namna ile. Walimshukuru Mungu. Mwaka huu wameamua kusaidia mahali penye shida zaidi.

Yaya aliichukua kadi. Aliishika kwa mikono miwili, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele.

"Na kable?" akasema. "Kable iko wapi?"

"Kable gani, yaya?"

"Mu shingo. Ule nyama alikuwa na kable mu shingo, ilikuwa inamukata. Minye nilimufwata siku mbili juu ya ile kable. Weye uliipeleka wapi?"

"Nilizani iko nywele," nikasema.

"Nywele," akasema yaya. Hakupaza sauti, na laiti angepaza. Kwake waya ndio ulikuwa picha, na palahala alikuwepo tu kwa kuwa alikuwa ameuvaa. Hakuona haja ya kuniandikia, kwani ni nani asingeona?

Nilikimbia nyumbani kuileta ile picha ya karatasi niliyoikuza kwanza, yenye uchafu wake wote. Mstari ulikuwepo. Nilipoutazama mara hii niliona na manyoya yaliyochunika pembeni yake. Niliwaomba msamaha wote wawili, nikalia mbele ya Padri bila aibu. Padri akaandika barua nyingine siku ile ile, akaeleza kosa lilivyotokea, tukaitia picha yenyewe ndani ya bahasha, ikapelekwa kwa mkono na masista waliokuwa wanasafiri. Yaya akarudi juu akiwaambia wenzake wavumilie. Nilianza kulala tena.

Jibu lilifika wakati vita vya pili vya Kongo vimeshaanza na kila mtu anasikiliza redio. Padri aliniita peke yangu. Wale watu walikuwa wameziweka picha mbili pamoja juu ya meza. Majani yale yale, kivuli kile kile, sikio limegeuka vile vile. Moja ina waya na nyingine haina. Waliuliza, kwa upole sana, waya umetiwa lini.

"Tutume filamu yenyewe, mon père," nikasema. "Filamu haiongopi."

"Mama," akasema Padri, "ukiisha kujieleza mara mbili, ya tatu hawasikilizi tena." Akaikunja barua mara nne, akaitia kwenye saraka.

Nimepitisha miaka mingi nikiipima sentensi ile ya wazungu na siwezi kuwalaumu. Mtu anayejua kuondoa anajua na kutia. Katika picha zote nilizowahi kutengeneza, ya kwanza kuonekana ya uongo ilikuwa ile ambayo sikuigusa.

Walinzi wawili waliondoka mwezi ule, wengine baadaye. Nilisikia kwamba yaya alibaki peke yake kwenye kituo msimu mzima wa mvua, akifungua mitego asiyoweza kuimaliza. Halafu akashuka. Alikuja uani kwangu asubuhi moja, amekonda, hana kofia yake ya kazi. Alikunywa chai. Alisema wanawe hawajala tangu juzi. Kisha akatazama juu ya kichwa changu, kwenye nguo.

"Mudogo, ile kamba ya manguo, unipatie."

"Ya kufanya nini, yaya?"

"Weye unajua."

Nilikuwa na haki gani ya kukataa? Nilishusha nguo za watoto zikiwa bado mbichi, nikazitandaza kwenye majani. Yeye akafungua upande wa mpapai, mimi nikafungua upande wa jiko. Kwa miaka kumi na minne vidole vyake vilikuwa vimefungua mitego, kwa hiyo viliijua kazi hiyo nje ndani, na hakuhitaji kuvitazama. Alipiga kitanzi cha kwanza cha mtego pale pale, akaniomba nishike ncha, akavuta kidogo ajaribu kama kinateleza. Kiliteleza. Juani waya uling'aa mweupe, mwembamba, umepinda, na safari hii sikusema ni unywele.