Khadama wa Baiskeli

Safari yangu ya Uholanzi ilianza na neno moja lililosemwa kwenye simu. Ilikuwa Ijumaa, miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nyumbani kwetu Al Amerat, nje kidogo ya Maskati, na mama yangu alikuwa ameiweka simu kwenye spika ili sote tumsikie Raya. Raya ni binti wa kaka yangu Seif, Mungu amrehemu. Seif alikwenda Uholanzi kusoma, akaoa huko, akafia huko, na alichotuachia ni binti huyo mmoja, mwenye Kiswahili alichokiokota jikoni kwa bibi yake, likizo baada ya likizo. Tulijua anaendesha baiskeli. Tulidhani ni kama watoto wa Qurum wanavyozunguka pwani jioni, wakichoka wanarudi kunywa soda. Siku hiyo akatuambia kuwa ameajiriwa na timu ya wanawake, na kwamba wanashindana nchi hii na ile.

"Wamekupa kazi gani khasa?" Mama akamuuliza.

Raya akalitafuta neno. Baadaye nilikuja kujua kwamba Waholanzi wenyewe humwita mwendeshaji wa aina yake mtumishi, na hakuna anayeudhika. Yeye akalitafsiri alivyoweza.

"Mie khadama, Bibi. Khadama wa timu."

Mama akaacha kutafuna. Wakati huohuo Mwajuma, dada wa Tanga aliyekuwa akifanya kazi za ndani kwetu, alikuwa anaingia na kahawa, na kwa kuwa neno hilo ndilo watu walilomwita yeye, nilitamani zulia linifunike. Raya aliendelea kueleza, lakini hakuna aliyemsikiliza tena. Simu ilipokatika Mama alisema, "Mtoto wa Seif kenda kuwa khadama kwa Wazungu, na sisi tuko hai?"

Basi nyumba haikukalika. Kila jamaa aliyekuja kutuamkia alipewa habari ile, na kila mmoja aliiongezea chumvi. Mwisho Mama aliniita chumbani kwake. "Zuwena," alisema, "wewe ndo shangazi yake, na shangazi ni baba. Nenda kamlete."

Mimi nilikuwa nikifundisha jiografia katika shule ya wasichana. Ulaya niliijua vizuri sana, kwenye ramani ya ukutani. Sikuolewa, ndugu zangu walipotawanyika mimi nilibaki na Mama, na safari zangu za mbali zilikuwa Umra na Dubai. Nikaomba likizo.

Asubuhi ya kuondoka Mwajuma alinisaidia kubeba sanduku hadi garini. "Dada Zuwena," alisema, "ukimkuta huyo binti mwambie adai siku yake ya kupumzika mapema. Usipoipata mwanzoni, huipati tena." Alikuwa anatabasamu, ila sina hakika kama alikuwa anatania. Nikamwahidi kwamba nitafikisha.

Angani nililala na kuamka, nikalala tena. Kila nilipofungua macho kulikuwa na rangi nyingine dirishani: kahawia ya jangwa, kisha buluu, kisha weupe mtupu wa mawingu. Katikati ya usingizi nilimwona Seif akiwa kijana, anaisukuma baiskeli yake mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja, na mimi nimekaa mbele kwenye bomba, miguu inaning'inia. Ni yeye aliyenifundisha kuendesha, kwa siri, nyuma ya nyumba, kabla hatujahamia Omani. Nilipoamka mara ya mwisho ndege ilikuwa inashuka juu ya nchi ya kijani iliyokatwa vipande vilivyonyooka, na maji katikati ya kila kipande.

Amsterdam, Raya alinipokea kwa kunikumbatia mpaka viatu vyangu vikaachana na sakafu. Alikuwa mwembamba, uso umechomwa na jua na baridi kwa pamoja, na macho ni ya Seif, hakuna mjadala. Nilikuwa nimejiandaa kumhurumia, huruma ikakosa pa kukaa. Nikampa salamu ya Mwajuma. Akacheka. "Mwambie kachelewa," alisema. "Siku hiyo sina."

Tulisafiri kwa treni hadi kusini, ambako ubapa wa Uholanzi unaishia na vilima vinaanza. Timu yake ilikuwa imefikia kijiji kimoja, katika nyumba ya mama mmoja mjane, Bi Truus, aliyewapa wasichana vyumba vya juu kila majira ya mbio. Wasichana wenyewe walikuwa sita. Nilitarajia fahari, maana timu za wanaume nilizoziona kwenye televisheni zilikuwa na mabasi makubwa kama nyumba. Hawa walikuwa na gari moja la fundi lenye baiskeli juu ya paa, na soksi zao zilikuwa zinaanikwa kwenye uzio wa Bi Truus. Mmoja alikuwa muuguzi anayepanga zamu zake kufuata mbio. Kiongozi wao, ambaye timu nzima ilimfanyia kazi ili ashinde, alikuwa msichana mrefu, mkimya, aitwaye Ilse. Mezani niliona Raya anamwekea Ilse wali kabla ya kujipakulia mwenyewe. Nikajiambia, Mama hakukosea.

Mchana wa siku iliyofuata Raya aliniazimia baiskeli ya Bi Truus, ile ya kuendesha umekaa wima, yenye kikapu mbele. "Shangazi, baba alinambia unajua."

Nilivaa suruali pana na koti refu, nikaubana mtandio chini ya kidevu, nikapanda. Mwili wa binadamu haukisahau kitu hicho, nimethibitisha. Tulifuata njia ya kando ya mto, miti ya matofaa imechanua maua meupe pande zote, hakuna mtu, hakuna gari, ila upepo tu, na upepo wenyewe ulikuwa wa usoni. Baada ya muda mapaja yangu yalikuwa yanawaka na nilikuwa nimekaribia kusimama.

"Nifate mie," Raya alisema. "Kaa nyuma yangu, karibu khasa. Usiogope."

Nikasogea mpaka nikawa sioni kitu isipokuwa mgongo wake. Upepo ukanyamaza. Sina neno jingine la kueleza. Baiskeli ikaenda yenyewe, miguu inazunguka kama ya mtu mwingine, na maua meupe yakawa yanapita pembeni taratibu, na sikujua ni muda gani tulikwenda hivyo. Nilihisi nimelala huku niko macho. Mbele yangu mgongo wa Raya ulikuwa umeinama, na upepo wote ambao sikuusikia ulikuwa unampiga yeye.

Tuliposimama alikuwa anahema. "Hiyo ndo kazi yangu," alisema. "Upepo wa Ilse naula mie. Na maji nampelekea, na akibaki nyuma namrudisha mbele. Mwisho yeye ana nguvu, ashinde. Mie sishindi."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, Shangazi."

Asubuhi ya mbio kulikuwa na ukungu. Wasichana walibandikana namba migongoni bila ya maneno mengi, kila mmoja akiwa anamhudumia aliye mbele yake. Mbio zilikuwa za mzunguko, zinapita kijijini kwetu mara kadhaa, hivyo mimi na Bi Truus tukaweka viti kando ya barabara karibu na kona. Kiingereza chake na changu vilikutana njiani, tukaelewana.

Unaanza kusikia mvumo, kama mvua inayokuja juu ya mabati kutoka mtaa wa mbali. Kisha ukungu unatoa rangi, nyekundu, manjano, buluu, wanawake zaidi ya mia wameshikamana bega kwa bega, na upepo wao unakuinulia mtandio. Kisha hakuna kitu. Barabara tupu, na harufu ya dawa ya kuchulia misuli. Mara ya kwanza nilibaki nimefungua mdomo kama mtoto.

"Umemwona?" Bi Truus aliniuliza.

"Sikuona mtu," nilimjibu.

Mzunguko uliofuata nikamwona. Alikuwa mbele kabisa, pua yake ndiyo inayoupasua upepo, na Ilse nyuma yake ametulia. Mzunguko mwingine alikuwa wa mwisho, anatoka kwenye gari la timu na chupa zimejaa mgongoni ndani ya fulana mpaka anaonekana ana kibiongo, anapita mmoja mmoja kuligawa lile lundo. Watu walipiga makofi kwa walio mbele. Kwake hakupiga mtu, nikapiga mimi.

Karibu na mwisho, palepale kwenye kona yetu, gurudumu la mbele la Ilse likapata pancha. Gari la timu lilikuwa mbali nyuma. Kabla sijaelewa kinachotokea Raya alikuwa ameshashuka, ameshafungua gurudumu lake mwenyewe na kumtilia Ilse, kisha akamsukuma kwa mikono miwili, anakimbia naye, mpaka Ilse akashika kasi na kupotea. Raya akarudi akaiokota baiskeli yake isiyo na gurudumu, akakaa majanini karibu na kiti changu.

Wallahi nilikasirika. Niliinuka nikamsimamia. "Mbona umempa lako? Na wewe je?"

"Mie nasubiri gari," alisema. Uso wake ulikuwa umejaa vumbi na jasho, na alikuwa ametulia kabisa.

Gari lilipofika alipewa gurudumu jingine, akaondoka peke yake kwenye barabara ambayo kila mtu alikuwa ameshapita.

Mimi na Bi Truus tulipofika kwenye mstari wa mwisho, Ilse alikuwa ameshashinda. Wakampandisha jukwaani, wakampa maua, watu wakapiga picha. Kisha wakaanza kutawanyika, wafanyakazi wakawa wanabeba vizuizi vya barabarani. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikiangalia barabara, nikaona kuna mtu mwingine pembeni yangu naye anaiangalia. Ilikuwa Ilse, bado amevaa nguo za mbio, anatetemeka kwa baridi. Fundi alikuja kumwita mara mbili akabadilishe nguo, akakataa kwa kichwa. Raya alitokea mwisho wa wote, na swali lake la kwanza lilikuwa kama Ilse ameshinda, maana hakujua. Ilse alimkumbatia, maua yakavunjikia katikati yao.

Jioni, jikoni kwa Bi Truus, tulibaki wawili. Raya alikuwa anafua soksi kwenye beseni.

"Bibi kakutuma unirudishe," alisema.

"Kanituma."

"Baba hayupo, Shangazi. Wewe ndo baba. Ukinambia rudi, ntarudi. Sitobishana."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi kutoka Maskati, ya heshima ya ukoo, ya bibi aliyezeeka, ya chumba kinachomsubiri. Sasa nimepewa ushindi bure na nikauogopa. Nilijua akirudi atakaa, kwa sababu ni mtiifu. Ningeweza kumhifadhi kama nilivyohifadhika mimi.

"Ulipokaa pale majanini," nilimuuliza, "ulikuwa unafikiri nini?"

Aliifikiria. "Nilikuwa namfata. Sasa yuko mlimani. Sasa anateremka. Kila alipo, na mie nipo."

Nilimwonea wivu, nasema waziwazi. Sikuwa nimewahi kumwona mtu anayetumikia kwa kujichagulia mwenyewe, akijua kinachomgharimu na akikitaka. Nikamwambia abaki. Akaegemeza kichwa kwenye bega langu, mikono bado ina povu, akalia kwa muda mrefu, na mimi nikalia naye.

Nyumbani, joto la uwanja wa Seeb lilinipokea mlangoni pa ndege. Gari lilipovuka milima kwenda Al Amerat nilikuwa natunga maneno na kuyafuta. Mama alikuwa amefukiza udi nyumba nzima. Chumba cha Raya kilikuwa na mashuka mapya. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatazama sanduku moja.

"Yuko wapi?"

"Nimemwacha, Mama. Alikuwa tayari kurudi. Mimi ndiye niliyemwambia abaki."

Alikaa kwenye godoro la sebuleni. Nikakaa chini mbele yake, nikamweleza yote kwa utaratibu: upepo, chupa, gurudumu, yule mshindi aliyetetemeka kwa baridi akimngoja mtumishi wake. Nikamwambia kwamba neno la Raya halikuwa kosa, ila masikio yetu ndiyo yaliyokuwa na aibu. Mwajuma alikuwa amesimama mlangoni na birika, naye akisikiliza.

Mwisho Mama alisema, kwa sauti ndogo, "Sikumtaka kwa ajili ya watu. Nilitaka mtoto wa Seif awe karibu yangu. Mie nimeshazeeka. Atakaa nani na mie?"

"Mimi nipo, Mama."

"Wewe upo," alisema. Alinitazama kwa muda, kama ananitafuta. "Upo siku zote. Ndo maana nikasahau kukuuliza."

"Kuniuliza nini?"

"Kama ulitaka kwenda."

Ningeweza kumwambia hapana, na angeniamini, na tungekunywa chai. Lakini nilikuwa nimetoka mbali. "Nilitaka, Mama," nilisema. "Nilitaka sana."

Akanishika mkono. Hakuuachia.