Kimashine cha hewa kimetuumbua

Jamani, leo tumeumbuliwa na kimashine!

Sisi vibarua wa tumbaku hapa Usoke huwa tunalala na madumu ya dawa ya kupulizia tumbaku uvunguni mwa vitanda, yasiibwe.

Mwenzangu Bukuru anakohoa mpaka anataka kuacha kazi arudi kwao Ulyankulu.

Leo bosi wetu, Mama Neema, katuletea kimashine cha kusafisha hewa, amekitoa chumbani kwake mwenyewe.

Kuwasha tu, taa nyekundu. Tukasubiri weee, nyekundu!

Nikamwambia, "Mama, kibovu hiki."

"Kibovu ni wewe, mwanangu! Kitasafishaje hewa na sumu mmeilalia?"

Akainama, akayaburuta madumu yote akayafungia stoo, akafungua madirisha.

Jioni tukakiwasha tena. Kijani!

Mama huyu nimemvulia kofia.

Bukuru amelala, hakohoi. Mimi ndio sijalala, namsikiliza anavyopumua.

Nyie dawa mnaweka wapi?