Vikombe vya Baba Hrisan

Baba mkwe wangu, Hrisan, ana miaka sabini na sita, na kila asubuhi hupanda kilima cha nyuma ya kijiji kuwapeleka mbuzi malishoni. Havuti sigara. Anakula maharage na mtindi, analala mapema kama kuku. Hapa kwetu kwenye milima ya Rodopi watu humtolea mfano. Basi Novemba nesi Velika alipompima presha akakuta mia na tisini, tulidhani mashine imeharibika.

Haikuwa imeharibika. Daktari akampa vidonge, akamwambia, "Mzee, acha chumvi, la sivyo utapata kiharusi."

Kiharusi anakijua. Mama mkwe alilala nacho kitandani miaka mitatu, na Hrisan ndiye aliyemlisha kwa kijiko. Tukiwa njiani kurudi akaniambia, "Mkwe, kufa siogopi. Kulishwa ndiyo siwezi."

Nikaficha chumvi. Nikapika maharage ambayo hata paka aliyanusa akaenda zake. Mzee akala kimya, vidonge akameza. Januari, presha mia na themanini na tano.

"Shoga, unampikia nini huyu?" Velika akaniuliza.

"Ningempikia mawe yangekuwa na ladha zaidi!"

Nilirudi nyumbani nimefedheheka. Kesho yake asubuhi nikashuka stoo kuchukua kabichi ya chumvi, ile tunayoiloweka kwenye pipa kwa ajili ya majira ya baridi, nikamkuta baba amechuchumaa mbele ya bomba la pipa, kikombe mdomoni.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nakunywa dawa. Maji ya kabichi, vikombe viwili kabla ya mbuzi. Tangu niambiwe naumwa, nimeongeza cha tatu."

Cha tatu! Nikakaa kwenye ngazi. "Baba, humo nimetia kilo mbili za chumvi kwa mkono wangu."

"Hiyo ni ya kabichi. Mimi nakunywa maji tu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

"Cheka," akasema. "Baba yangu aliyanywa haya maisha yake yote."

"Akafa na miaka mingapi?"

"Sitini na mbili," akasema. "Kiharusi."

Hapo sikucheka tena. Akakimwaga kikombe, akanikabidhi.

Machi presha ilikuwa mia na thelathini na nane. Nikamkumbatia Velika, naye akanikalisha kitini anipime na mimi. Mia na sitini. Kabichi ile si nilikuwa naila kila siku, tena na nyama ya nguruwe!

"Kesho unatembea na mimi," baba akasema.

Alinigongea mlango alfajiri. Njia nzima niliwatukana mbuzi wake mmoja mmoja. "Unapumua kama treni ya mizigo, mkwe," akasema, lakini kila kona alisimama, akajifanya anafunga kamba za viatu, ili nimfikie.

Wiki ya tano nilifika juu bila kupumzika. Nilimshukuru Mungu kwa miguu yangu, na zaidi kwa huyu mzee, ambaye mikono yake mwenyewe ilikuwa ikimenya yai, nusu yake, nusu yangu.

"Kula upesi," akasema. "Bado kuna kushuka."